Unataka ufundi wa hospitali Lamu? Jua kwanza unaingilia mlango gani

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka tu, simu yangu haitulii. Mara ni mpwa wangu wa Matondoni, mara ni mama jirani ana kijana "apendaye vyuma", mara ni mtu simjui kabisa, kapewa nambari yangu jetini. Swali lao ni moja: "Ami, hospitali wanachukua mafundi?" Wanachukua. Lakini ukiniuliza hivyo nitakurudishia swali: fundi yupi? Hospitali ina kazi nne au tano za ufundi zilizovaa ovaroli ya rangi moja, na kila moja ina mlango wake, karatasi zake na hatari zake. Mimi niliingia kama msaidizi wa fundi bomba zamani, ndevu zikiwa bado nyeusi, na tangu hapo nimekuwa nikitunza majengo na mitambo ya hospitali hapa kisiwani. Nitaeleza kama ninavyowaeleza wanaonifuata barazani baada ya alasiri.

Nani hufanya nini karakana

Wengi wetu ni mafundi wa majengo: wa mifereji, wa umeme, seremala, mwashi, mpaka rangi na wa kuchomelea. Wapo waendesha mitambo, ambao ndio wenye jenereta, pampu za maji, boila pale ilipo, na insinireta ya kuchomea taka. Wapo mafundi wa vifaa tiba, na hawa ndio wanaofungua mashine zinazomgusa mgonjwa: konsentreta zinazotenga oksijeni kutoka hewani, mashine za kufyonza, otoklevu za kutakasa vyombo kwa mvuke, inkubeta za watoto, mashine ya dawa ya usingizi. Kisha wapo wasaidizi, wanaobeba ngazi, kuchimba mtaro na kuzibua choo. Msiwadharau; karibu kila msimamizi mzuri niliyemjua alianzia kwenye choo.

Katika hospitali kubwa za Mombasa na Nairobi kila mtu yuko kwenye kazi yake. Kwetu mambo ni mengine. King Fahd ndiyo hospitali ya rufaa ya kaunti, Mpeketoni na Faza zina hospitali zao, na ukienda zahanati za visiwani hakuna fundi. Anangojewa aje na boti, na kusi likivuma hangojewi leo wala kesho. Kwa hivyo aliyesomea umeme atashika spana ya bomba, na wa bomba atajua kuwasha jenereta. Hapo ndipo vijana wanapoteleza: wanaona kila mtu anafanya kila kitu, nao wanaamua kujifunza kila kitu kidogo kidogo. Usifanye hivyo. Shika fani moja uijue mpaka mzizi na uwe na cheti chake, halafu hizo nyingine utazipata kwa kumtazama mwenzako. Bodi ya ajira haiajiri "mjuzi wa mambo mengi". Inaajiri fundi umeme, au fundi bomba, au fundi wa vifaa tiba, na inataka kuona karatasi.

Milango yenyewe

Ukitaka vifaa tiba, chuo kinachojulikana zaidi ni KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Kuna diploma ya uhandisi wa vifaa tiba, ambayo ni miaka mitatu, na kuna cheti. Diploma inataka C kamili ya KCSE na cheti C ya kutoa (C-), na alama za fizikia na hesabu hutazamwa kwa jicho kali. Lamu tuna tawi la KMTC, lakini si kila tawi hufundisha kila kozi, kwa hivyo usilipe ada ya maombi kabla hujaona jina la kozi limeandikwa mbele ya jina la tawi. Nimewaona wazazi wakidhani mtoto akipata nafasi KMTC basi atasomea chochote palepale nyumbani.

Ukipata alama za chini ya hapo, usikae nyumbani ukilaumu mtihani. Vyuo vya ufundi vinachukua diploma kwa C ya kutoa, cheti cha ufundi kwa D, na ngazi za chini zinampokea hata mwenye E. Umeme, mifereji, majokofu na viyoyozi, kuchomelea: zote hospitali inazihitaji. Kenya Coast National Polytechnic iko Mombasa. Maombi hupitia KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, siku hizi ni wa wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia. Wengi hawaombi kwa sababu wanadhani ni wa chuo kikuu tu. Basari ya kaunti nayo iombe mapema, usingoje barua ya kufukuzwa kwa ada.

Kama mtu angeniuliza kwa siri achague nini, ningemwambia majokofu na viyoyozi. Mafundi umeme ni wengi. Anayeweza kuokoa friji ya chanjo isipande juu ya nyuzi 8 wala kushuka chini ya 2, na kiyoyozi cha chumba cha upasuaji Februari jua likiwaka, huyo anatafutwa kutoka Kiunga mpaka Malindi. Asipopata hospitali, hoteli za Shela na Malindi zitamgombania.

Mlango wa tatu ni wa wale ambao tayari wana kazi mikononi lakini hawana karatasi. Hawa ni wengi pwani. Namjua fundi bomba aliyefanya kibarua katika hospitali moja ya pwani kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, ikifanywa upya mwaka baada ya mwaka, na kila nafasi ya kudumu ilipotangazwa alipewa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Ufundi alikuwa nao, ila hakuwa na hata Grade III, cheti cha chini kabisa cha mtihani wa ufundi. Mtu kama huyu aende NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, akafanye mtihani huo. Unaanza Grade III, unapanda II, kisha I, na wana kituo Mombasa. Mtihani ni wa mikono zaidi kuliko maandishi: unapewa mchoro, vifaa na saa, unafunga kazi, wanakuja kuipima kwa rula na kwa macho. Pia tangu 2024 nchi ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila kusoma darasani, kwa hivyo mwenye miaka yake ya kazi aulize chuo cha ufundi kilicho karibu kama wanatathmini fani yake. Abebe picha za kazi alizofanya na barua za waliomwajiri.

Kwa fundi umeme kuna la ziada. Cheti cha chuo hakikupi ruhusa ya kufunga umeme wa watu. Leseni hutolewa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, kwa madaraja, kuanzia C2 ya chini inayokuweka kwenye umeme wa fezi moja, yaani wa waya mmoja wa moto kama wa nyumbani, mpaka A1 ya juu kabisa. Hospitali ina fezi tatu, kwa hivyo usiridhike na daraja la chini. Na mwenye diploma ya vifaa tiba au uhandisi wowote ajisajili na KETRB, bodi ya mafundi sanifu iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Siku hizi matangazo ya kazi huiuliza.

Atachimenti, na jinsi ya kuitumia

Barua ya atachimenti, yaani mafunzo ya mwanafunzi kazini, ilete mapema, na iwe imeambatishwa bima. Wanafunzi wengi huleta barua wiki ile wanayotaka kuanza, wanakuta nafasi zimejaa, wanaishia kukaa ofisi fulani wakipanga mafaili.

Wiki ya kwanza simpi mwanafunzi spana. Nampa daftari. Namwambia atembee hospitali nzima anichoree maji yanaingilia wapi, valvu kuu iko wapi, valvu ya kila wodi iko wapi, na kila moja ikifungwa nani atakosa maji. Kisha afanye vivyo hivyo kwa umeme: swichi kuu, bodi za usambazaji, soketi zipi ziko kwenye jenereta na zipi haziko. Wengine hununa, wanaona wamefanywa makarani. Lakini ukifunga valvu usiyoijua unaweza kukausha chumba cha kuzalishia mama akiwa kitandani. Kikao kimoja cha kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo hunywa kama lita 120 za maji kupitia mashine; ukikata maji katikati hujamsumbua mtu mmoja, umesimamisha matibabu. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya karakana yangu haina uhusiano na chuma. Kabla ya kukata chochote, nenda kwa sista wa zamu, msalimie, mwambie unakata nini, kwa muda gani, na ungoje akubali. Akisema ngoja, ngoja. Hata kama mkubwa wako anapiga simu.

Daftari hilo ukilijaza vizuri litakusaidia kuliko cheti siku ya mahojiano, maana wale wazee wa kamati hupenda kuuliza, "Umeme umekatika usiku na kuna mgonjwa thieta (chumba cha upasuaji), utafanya nini kwanza?" Mwanafunzi wa vitabu huanza kueleza jenereta inavyofanya kazi. Aliyetembea atasema anakwenda kwenye chenji-ova gani, ile swichi ya kuhamisha umeme kwenda kwenye jenereta.

Rangi za nyaya

Hili nalikazia kwa sababu linaua. Majengo yetu mengi yana umeme wa enzi mbili. Zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu na nyutro, waya wa kurudishia umeme, nyeusi. Kwenye fezi tatu ulikuwa na nyekundu, manjano na buluu. Mpangilio mpya ni waya wa moto wa kahawia na nyutro ya buluu. Fezi tatu ni kahawia, nyeusi na kijivu. Tazama vizuri: nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi mpya ni fezi. Buluu ya zamani ni fezi, buluu mpya ni nyutro. Na wodi iliyoongezwa upande mmoja wa jengo la zamani inaweza kuwa na zote mbili ndani ya sanduku moja.

Kijana mmoja wa atachimenti, hodari, amesoma Mombasa, alifungua sanduku akanyoosha kidole.

"Ami, huu mweusi ni nyutro."

"Pima."

"Lakini ni mweusi."

"Nimekwambia pima."

Binti wa Kizingitini aliyekuwa naye ndiye aliyechukua mita. Aliijaribu kwanza kwenye soketi aliyojua ina umeme, ndipo akapima ule mweusi. Ikasoma 240. Kisha akarudi kwenye soketi ileile kuhakikisha mita haijafa katikati. Hatua hizo tatu, pima kinachojulikana, pima unachotaka, rudia kinachojulikana, ndizo ninazomtazamia mwanafunzi. Yule binti hakuambiwa na mtu. (Na wazee wanaoniuliza kama hii ni kazi ya wasichana, jibu langu ni hilo.)

Ukizima breka ili ufanye kazi, weka kufuli lako na kibandiko chenye jina lako, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Hospitali ina watu wengi wenye nia njema. Mtu atapita, ataona wodi iko gizani, atawasha breka akidhani anasaidia.

Oksijeni

Fundi wa hospitali anayejua oksijeni ana thamani yake hapa kisiwani, kwa sababu mtungi uliokwisha haurudishwi kwa gari dakika kumi. Unavushwa Mokowe, unajazwa mbali, unarudi na boti, halafu unapanda kwa mkokoteni. Kwa hivyo jifunze hesabu hii. Mtungi mkubwa wa aina ya J, ule unaomfikia mtu kifuani au zaidi, ukijaa una lita 6,800 za gesi. Mgonjwa anayepewa lita 5 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 1,360, kama saa 22 na nusu. Geji ikisoma nusu, ni saa 11 na kidogo. Wagonjwa wawili kwenye mtungi huo, gawa tena. Ukimwambia sista, "Huu utawafikisha alfajiri, haufiki adhuhuri," umemfanyia kazi kubwa kuliko kupaka rangi ukuta mzima.

Marufuku kubwa: mafuta ya aina yoyote yasikaribie valvu wala regyuleta ya oksijeni, kile kifaa cha kupunguza presha. Si grisi, si oili ya cherehani, si mikono iliyotoka kufungua injini ya boti. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta huweza kuwaka yenyewe, pasi na kiberiti. Kijana wa kwetu amezoea kwamba nati ikikaza inapakwa oili. Kwenye mtungi, nati ikikaza inarudishwa kwa mwenye mtungi. Na valvu ifungue polepole, taratibu kabisa, maana gesi ikiruka ghafla ndani ya regyuleta hujipasha moto.

Konsentreta nazo hazina makuu ila zinataka adabu. Chujio la nje lioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mashine isibanwe ukutani wala kuzungukwa na pazia, kwani inavuta hewa ya chumbani. Pima usafi wa oksijeni inayotoka kwa kipimo chake. Ikiwa nzima itatoa kama asilimia 93, na ikishuka chini ya 82 iondoe kwa mgonjwa. Unyevu ndio unaoua zile chembechembe za ndani zinazochuja naitrojeni, na unyevu kwetu haukosekani. Mashine iliyofungiwa stoo bila kuwashwa miezi mingi mara nyingi hutoka mbovu kuliko ile inayofanya kazi kila siku.

Jenereta

Umeme wa gridi ulipofika Lamu, kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, watu walidhani jenereta sasa ni pambo. Laini ndefu hivyo ikiguswa popote sisi ndio tulio mwisho.

Kila wiki chagua siku na saa, mkubaliane na thieta, maabara na wodi ya watoto. Kagua oili, maji ya rejeta, mkanda, na vichwa vya betri. Vikiota ukungu wa kijani na nyeupe visugue mpaka chuma king'are, kaza, paka vaselini. Fungua kile kichujio cha dizeli kinachotenga maji, umwage yaliyokaa chini, maana tangi la pwani halikosi maji. Halafu, na hapa ndipo wavivu hujulikana, usibonyeze tu kitufe cha kuwasha ukasikiliza ikinguruma dakika tano ukaandika "iko sawa". Kata umeme wa gridi kwenye swichi kuu, iache ijiwashe yenyewe, uhesabu sekunde mpaka taa zirudi. Kumi hadi kumi na tano ni sawa. Kisha iache ibebe mzigo wa hospitali nusu saa. Jenereta inayowashwa bila mzigo kila mara haifiki joto lake, dizeli isiyoungua inajaa kwenye ekzosi na kwenye silinda, na siku ya shida inakohoa moshi mweusi na kuzimika. Andika sekunde, volti na saa za injini kwenye kitabu kile kile kila wiki. Ukiona sekunde zinapanda kutoka 9 kwenda 14, betri inakuaga.

Chumvi

Vyuo vya bara havifundishi chumvi. Bahari hii inakula chuma kama mchwa alavyo mbao laini: bawaba za madirisha, misumari ya mabati, miguu ya tangi, mapezi ya viyoyozi vya nje. Osha mapezi hayo kwa maji baridi ya bomba kila mwezi, kwa mkondo mpole usiyapinde. Nje tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, hata kama bei yake inamfanya mhasibu akukunjie uso. Bomba la chuma likioza usilirudishie la chuma, weka la plastiki aina ya PPR. Na usipake rangi juu ya kutu. Sugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, paka primer ya zinki, ndipo rangi.

Maji yetu ni ya visima vya matuta ya mchanga ya Shela, na hata pale yanaponyweka huwa yana madini. Hita ya otoklevu hushika gamba jeupe, linazidi, mwisho hita yenyewe inapasuka au inaungua. Otoklevu ndogo za mezani zipewe maji yaliyochujwa madini, si ya mfereji. Gamba lililokwisha kushika hutoka kwa siki au asidi ya limau, si kwa bisibisi. Gasketi ya mlango ipanguse kila siku na ibadilishwe kabla haijapasuka, kwa sababu ikipasuka huipati Lamu. Mashine inatakiwa ishike nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika 3, na ile tepu inayobadilika rangi inakwambia tu kwamba pakiti imepitia joto, haikwambii kwamba vijidudu vimekufa. Valvu ya usalama ikivuja usiifunge kwa waya. Otoklevu ni chombo cha presha, na sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka kikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa.

Kujilinda

Kabla hujagusa bomba la maji machafu, pata chanjo ya homa ya ini aina ya B: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wauguzi hupewa bila kuuliza. Fundi husahaulika, inabidi adai. Mifereji ya hospitali hutokea sindano. Usiingize mkono kwenye mtego wa sinki hata ukivaa glavu, fungua uumwage kwenye ndoo utazame. Ukichomwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usibinye damu, na uende papo hapo ukaripoti, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayongoja inapunguza faida yake.

Kwenye insinireta, jua rangi za mifuko: nyeusi ni taka za kawaida, manjano ni zenye maambukizi, nyekundu ni zile hatari zaidi pamoja na viungo vya mwili. Masanduku ya sindano yafungwe yakifika robo tatu. Chupa za dawa zilizofungwa na makopo ya presha usitie motoni, yanalipuka usoni. Chumba cha pili cha tanuri kiwe kimefika nyuzi 850 kabla ya kulisha taka, la sivyo unawapelekea majirani moshi wenye sumu.

Kuomba kazi

Nafasi za hospitali za serikali hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa kuwa afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Tazama tovuti na ubao wa matangazo, na tarehe ya mwisho ni ya mwisho kweli. Andaa mapema cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi), hati ya kodi ya KRA, na ile ya HELB kama ulikopa. Wasifu wako uwe kurasa mbili, na badala ya kuandika "mchapakazi mwenye bidii" andika mashine ulizozishika kwa majina yake na ulichofanya: "nimebadilisha gasketi ya otoklevu", "nimefunga laini ya PPR wodi mbili". Wakubwa wa karakana ndio wanaosoma hizo karatasi, na tunajua maneno matupu.

Atakayekwambia umpe pesa akuingizie jina, mpite. Madalali hao huchukua kwa watu ishirini, mmoja anayeajiriwa kwa sifa zake wanasema ni kazi yao.

Ukikosa serikalini, usidharau hospitali za binafsi na za misheni za Malindi na Mombasa, wala kampuni zinazouza na kuhudumia mashine za hospitali. Kazi ya kampuni hizo ina taabu ya safari, lakini zinakupeleka kwenye mafunzo ya watengenezaji, na cheti cha kuhudumia mashine ya aina fulani kina uzito hata ukirudi kaunti. Hoteli nazo ni shule nzuri: jenereta, viyoyozi, pampu na boila ndogo ni zilezile, tofauti ni kwamba mgeni wa hoteli hulalamika mapema kuliko mgonjwa.

Siku utakayokuja karakana kwangu, njoo na daftari, tochi, tesita yako mwenyewe, na viatu vinavyofunika vidole. Kandambili za kuendea jetini ziache nyumbani; nitakurudisha mlangoni, na boti ya kurudi Matondoni utangoja mpaka ijae.